KILWA KISIWANI: WALIOISHI PALE NI AKINA NANI, NA LEO WAPO WANGAPI?

Najua wengi mnasoma hapa mkiwa kafe na dakika zinakimbia, kwa hiyo sitazunguka sana. Leo nataka tuongee kuhusu Kilwa Kisiwani. Si ile Kilwa ya kwenye daftari la historia ambayo inapewa mistari minne (miji ya mwambao ilistawi kwa biashara, wakaja Wareno, ikaanguka, swali linalofuata). Nataka tuongee kuhusu watu. Walikuwa wangapi, walitoka wapi, waliokwenda walikwenda wapi, na hawa waliopo sasa hivi ni akina nani.

Mimi nimemaliza kidato cha nne na naandika tu kwa kupenda, siyo profesa. Ila jambo hili linanihusu. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Kisiwani na mjomba wangu mpaka leo anavua pale. Nikisema kijiweni hapa Dar kwamba upande wa mama ni watu wa Kilwa Kisiwani, napata majibu mawili. La kwanza: "Kule si magofu tu? Kumbe kuna watu?" La pili: "Aah, kumbe wewe Mwarabu!" Halafu wananitazama sura, wanacheka, na mimi nacheka.

Kwa mjomba hili si la kucheka. Yeye anasema wageni wakija na kamera zao anasikia kwa masikio yake wakiambiana kwamba mji ule waliujenga watu wa kuja, wakaondoka, na hawa wavuvi wamehamia juzi tu. Sasa fikiria, mtu amezaliwa pale, kazika wazee wake pale, anaambiwa nyumba si yake. Kesho unamwomba ailinde ile nyumba. Ataona kazi hiyo ni ya mwenyewe, yeye inamhusu nini?

TUWEKE SAWA JINA KWANZA

Kilwa ziko tatu, na watu wanazichanganya kila siku. Kilwa Kisiwani ndiyo ya kale, ipo kwenye kisiwa. Kilwa Kivinje ipo bara upande wa kaskazini, ilikua karne ya 19 na Wajerumani wakaifanya boma lao. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya leo, mkoa wa Lindi, na ndiyo inatazamana na Kisiwani. Ukisimama gatini Masoko unakiona kisiwa kwa macho, ni kama kilomita 2 tu za maji. Kwa boti ya mashine ni muda mfupi, kwa dau la tanga inategemea upepo siku hiyo umeamkaje.

Kwa hiyo mtu akisema "natoka Kilwa", muulize ipi. Wa Kivinje ana historia yake nzito, ya utumwa na ya Maji Maji. Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wananyonga watu wetu, upo Kivinje, siyo Kisiwani.

WA KWANZA KABISA

Mwingereza Neville Chittick alichimba Kisiwani miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1974. Kwenye tabaka za chini kabisa, ambazo zinakadiriwa kuwa za karne ya 9, hakukuta majumba ya mawe. Alikuta mabaki ya nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, dalili za kufua chuma, shanga za makombe ya bahari, na mifupa ya samaki. Vitu vya ng'ambo vilikuwepo lakini vichache. Yaani walikuwa watu wa pwani kama hao wa leo: wanavua, wanalima, wanafinyanga, na jahazi likipita wanabadilishana.

Hili ni muhimu sana. Kijiji kilikuwepo kabla ya mji. Majumba ya mawe na msikiti mkubwa vilikuja baadaye, juu ya kijiji ambacho tayari kina wenyewe.

Na masimulizi ya Kilwa yenyewe yanasema hivyohivyo! Watu wengi wanajua nusu tu, ile ya Mshirazi. Kuna tarehe ya kale ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, na nyingine inayofanana nayo aliyoiweka Mreno João de Barros kwenye kitabu chake mwaka 1552. Humo tunaambiwa Ali bin Hassan alitoka Shiraz na ndugu zake kwa majahazi, akakinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mtawala aliyemkuta. Sasa angalia neno hilo, ALIYEMKUTA. Huwezi kununua kisiwa kwa mtu ambaye hayupo.

Kuna masimulizi mengine ya Kiswahili ambayo Mjerumani Carl Velten aliyachapisha zaidi ya miaka 100 iliyopita, na haya ndiyo yaliyo karibu na anayosimulia bibi. Humo mwenye kisiwa ana jina: Mrimba, mtu wa kabila la Wamachinga. Na kabla yake wanatajwa wengine waliotangulia. Mshirazi akaja na mali yake na familia yake, akaomba mahali pa kukaa, akapewa, akatoa zawadi za nguo na shanga. Baadaye akamwoa binti wa Mrimba. Halafu ndiyo ikaja ile hoja kwamba si vizuri mtu na mkwewe kukaa mji mmoja, bora mzee ahamie bara. (Jamani, mkwe anamhamisha baba mkwe! Bibi akifika hapo huwa anasonya.) Mzee akakubali, kwa sharti la kutandikiwa nguo kutoka kisiwani mpaka bara apite juu yake. Ikatandikwa. Alipotaka kurudi kwa vita akakuta maji yamejaa, kwa sababu Mshirazi alisoma dua mkondo ukawa bahari. Ugomvi ukaja kuisha kwa mtoto. Binti alizaa mtoto wa kiume, na huyo mjukuu ndiye aliyerithi utawala wa babu yake kwa ridhaa ya babu mwenyewe.

Ukiisoma kwa makini utaona hadithi hii haisemi "wageni walikuja wakajenga mji mahali patupu". Inasema mgeni alipata haki ya kutawala kupitia mke na mtoto wa wenyeji.

Hapo ni masimulizi. Sasa sikilizeni sayansi.

MIFUPA IMESEMA NINI

Mwaka 2023 jarida la kisayansi la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya kale ya mwambao na mji mmoja wa ndani kidogo. Kilwa ilikuwemo, na Songo Mnara jirani yake. Mmoja wa wakubwa wa utafiti huo ni Mkenya, Profesa Chapurukha Kusimba, pamoja na David Reich wa Marekani.

Nitaeleza kwa lugha nyepesi. Ndani ya mwili una kumbukumbu ya aina mbili ambayo haichanganyiki: moja inatoka kwa mama, mama wa mama, mama wa mama wa mama, mpaka huko nyuma kabisa. Nyingine, kwa wanaume, inatoka kwa baba, baba wa baba, hivyohivyo. Ukipima zote mbili unajua nani alimwoa nani. Walipopima mifupa ile, upande wa mama karibu wote ni Waafrika. Upande wa baba, wengi wana asili ya Asia, na sehemu kubwa ya asili hiyo ni ya Uajemi, na kidogo Uhindi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi ndipo damu ya Uarabuni inaanza kuonekana zaidi.

Mnaona? Mwanamume wa Kiajemi, mwanamke wa pwani, miaka 1000 iliyopita. Binti Mrimba kabisa! Wataalamu wengi kwa miaka mingi walikuwa wanasema habari ya Shirazi ni hadithi ya kujikweza tu. Wengine kabla yao walisema mji mzima ni wa Waajemi. Wazee wa Kisiwani walikuwa wanasimulia kitu cha katikati, na kumbe hawakuwa mbali.

Ila nina tahadhari yangu hapa, na naomba tusiirukie. Waliopimwa ni mifupa iliyotoka makaburini, na wengi wao walizikwa makaburi mazuri, karibu na misikiti. Hao ni wakubwa wa mji. Mvuvi, mhunzi, mwanamke wa kubeba maji, mtumwa wa shambani, hawakujengewa kaburi la mawe. Kwa hiyo ile DNA inatuambia kuhusu waungwana wa Kilwa, haituambii kuhusu Kilwa nzima. Watu wa kawaida walikuwa wengi kuliko waungwana, kama ilivyo popote.

Hata Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 aliandika kwamba wengi wa wakazi wa Kilwa ni watu weusi sana wenye chale usoni. Huyo alikuwa mtu wa Morocco, mtu aliyezunguka dunia, anajua Mwarabu anafananaje. Angekuta mji wa Waarabu angeandika mji wa Waarabu.

WALIKUWA WANGAPI?

Ukifika Kisiwani unaona Msikiti Mkuu wenye nguzo na kuba zake, unaona Husuni Kubwa, kasri la Sultani Hassan bin Suleiman lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogelea la pembe nane. Bwawa, wadau, karne ya 14, na maji ya kujazia yalibebwa na watu. Akili inakwambia huu ulikuwa mji wa watu laki.

Hapana. Mmoja wa waliokuja na meli za Wareno mwaka 1505 alikadiria Kilwa ina watu kama 4,000. Wapo wataalamu wanaokwenda juu zaidi kwa siku za neema, mpaka 10,000 na kupita. Kwa macho yetu ya leo huo ni mtaa mmoja wa Temeke. Lakini kwa zama zile, kwa kisiwa kile, si mchezo.

Kuhesabu watu wa mji wa kale ni kazi ngumu kwa sababu jiwe linabaki na udongo unayeyuka. Nyumba ya tajiri imejengwa kwa matumbawe na chokaa, ipo mpaka leo. Nyumba ya maskini ni fito, udongo na makuti. Miaka 20 tu haipo. Ibn Battuta mwenyewe anaueleza mji kuwa wa nyumba za miti, na huyu alifika wakati ule ule wa sultani mwenye bwawa! Ukihesabu magofu umehesabu matajiri peke yake. Pale Songo Mnara watafiti walipochimba kwenye uwazi uliopo katikati ya nyumba za mawe wakakuta mabaki ya nyumba za udongo. Ule uwazi tunaouona leo ulikuwa na watu.

Walikuwa wanaishi kwa nini? Dhahabu. Ilikuwa inatoka bara ya Zimbabwe, inashushwa pwani ya Sofala kwenye Msumbiji ya leo, na Kilwa ilikuwa imeishika njia hiyo na kutoza ushuru. Na pembe za ndovu, na watumwa pia, tusifiche. Ibn Battuta anasimulia jinsi yule sultani, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib kwa ukarimu wake, alivyoombwa nguo alizovaa na fakiri mmoja kutoka Yemen baada ya sala ya Ijumaa. Akaingia ndani, akavua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo za baba yake kwa kumpa fakiri watumwa 10, na sultani akaongeza wengine 10 na mizigo 2 ya pembe za ndovu. Watu husimulia kisa hiki kama sifa ya ukarimu. Mimi nikikisoma nahesabu watu 20 waliotolewa kama pesa ya chenji. Wao nao walikuwa wakazi wa Kilwa.

Kilwa ilikuwa na sarafu zake za shaba, zenye jina la sultani. Moja ilikutwa Great Zimbabwe. Nyingine 5 ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia. Australia! Zilifikaje, watu wanabishana mpaka leo.

KUANGUKA, NA WATU KUTAWANYIKA

Hapa nitapita haraka kwa sababu kitabuni mmesoma. Vasco da Gama alikuja 1502, akatisha, akachukua kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo haijapotea, ipo: mfalme wa Ureno aliifanya chombo cha kanisani mwaka 1506, kinaitwa Custódia de Belém, na kipo kwenye makumbusho ya Lisbon. Tafuteni picha yake mkiwa hapo kafe. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akauvamia mji, ukaporwa, ikajengwa ngome. Mwaka 1512 Wareno wakaondoka wenyewe, kwa sababu biashara ilishakufa na wafanyabiashara walishahamia kwingine. Mwaka 1587 wakaja Wazimba kutoka kusini. Padri wa Kireno aliandika kwamba watu 3,000 waliuawa. Hata kama hesabu yake ina chumvi, kwa mji wa watu 4,000 hebu fikiria kilichobaki.

Lakini Kilwa haikufa hapo, na sehemu hii vitabu vya shule vinairuka. Karne ya 18 mji uliamka tena, na kilichouamsha ni biashara ya kuuza watu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa kuwapeleka kwenye mashamba ya visiwa vya Mauritius na Réunion. Mkataba ulikuwa wa miaka 100! Watu hao walitoka bara, wengine walitembezwa kutoka huko Ziwa Nyasa. Kasri la Makutani tunalopiga nalo picha lilipanuliwa karne hiyo hiyo ya 18. Kwa hiyo ukilisifia, jua pia ni fedha gani zilikuwa zinapita mjini wakati huo.

Waomani wakaishika Kilwa miaka ya 1780. Gereza, ile ngome ya ufukweni, kwa umbo lake la sasa ni ya kwao, juu ya mabaki ya Wareno. Kisha biashara ikahamia Kivinje, ambako misafara ya bara ilikuwa inafika bila kuvuka maji, na katikati ya karne ya 19 kulikuwa na miaka watu zaidi ya 10,000 walipitishwa pale kama bidhaa. Sultani wa mwisho wa Kisiwani akakamatwa na kupelekwa Muscat miaka ya 1840. Mji ukarudi kuwa kijiji.

Ndiyo maana swali la "wenyeji walikwenda wapi" lina majibu mengi. Wengine walihamia Kivinje, wengine vijiji vya pembeni, wengine Unguja na Ngazija. Na wengine hawakwenda popote. Walibaki, wakaoana na waliokuja: Wamachinga, Wamwera, Wamatumbi, Wangindo, Wamakonde, Wayao, na wajukuu wa watu walioletwa kwa minyororo kutoka Nyasa ambao baada ya utumwa kwisha hawakuwa na pa kurudi. Bibi ukimuuliza kabila anakujibu "mimi mtu wa Kilwa". Ukimbana sana anasema babu yake mmoja alikuwa Mmachinga na bibi yake mmoja alikuwa "mtu wa kuja", halafu anabadilisha mazungumzo. Nilikuwa nadhani amesahau. Siku moja mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, hajasahau. Mambo mengine hayasemwi mbele ya watoto." Familia nyingi za pwani zina kimya cha namna hiyo. Mtu anakwambia asili yake Shirazi haraka sana. Asili ya mnyororo haitaji mtu.

LEO

Kijiji cha leo kina watu kama elfu moja hivi. Wanavua, wanalima mihogo na nazi, wanachimba visima na maji yake mengine yana chumvi. Watu ni Waislamu, madhehebu ya Shafii, yale yale aliyoyakuta Ibn Battuta. Lugha ni Kiswahili, na wazee wana lafudhi yao ya Kimgao ambayo vijana tunaipoteza. Gari hakuna. Shule ya msingi ipo, lakini ukitaka kwenda mbele unavuka Masoko, na anayevuka kwa ajili ya shule mara nyingi harudi.

Mkoa mzima wa Lindi, sensa ya 2012 ilikuta watu 864,652, na ya 2022 ikakuta 1,194,028. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 38. Dar kwa miaka hiyo hiyo imetoka 4,364,541 hadi 5,383,728, asilimia 23. Mmeona hiyo? Lindi tunayoiita ya kusini kule imeongezeka kwa kasi kuliko Dar. Ufuta umevuta watu, barabara imevuta watu tangu daraja la Mkapa la Rufiji lilipofunguliwa 2003, na wafugaji walioondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 walielekezwa huko na ng'ombe wao. Ila yote hayo ni ya bara. Kisiwani hapana ardhi ya kulishia mifugo wala ya shamba kubwa la ufuta. Vijana wake wanakuja huku.

Na wakija huku wanaitwa machinga. Hapa ndipo ninapochekaga peke yangu. Wengi wanaamini neno "machinga" tunalowaita wauza mitumba na soksi barabarani limetokana na Wamachinga wa Lindi, vijana wa kwanza kushika kazi hiyo Kariakoo. Kama ni kweli, basi lile kabila ambalo masimulizi yanasema lilikuwa na kisiwa cha Kilwa kabla ya Mshirazi ndilo ambalo mgambo wanalifukuza kwa jina. Wengine wanasema neno lina asili ya Kiingereza. Mimi hilo sikubali hata kidogo.

Kisiwa kipo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Mwaka 2004 kikaingizwa orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinaanguka na bahari inakula ufukwe, hasa pale Gereza. Kikafanyiwa ukarabati, na 2014 kikaondolewa kwenye orodha hiyo. Mafundi wengi wa ukarabati walikuwa watu wa pale pale, wanaojua kuchoma chokaa na kupanga matumbawe. Siku hizi magofu yanasimamiwa na TAWA, na meli za watalii zinaonekana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchukua jiwe la gofu au kuchimba ovyo, na watu wa kijijini wanaijua. Mjomba hana tatizo na sheria. Tatizo lake ni kwamba mgeni anapita kwenye njia ya mlangoni kwake, anapiga picha ukuta, na yeye hasalimiwi. Kama kawaida ya pwani, hodi kwanza, picha baadaye!

Na bahari haijaacha. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii, barabara ya Kilwa ikakatika na mawasiliano na Dar yakasimama. Mikoko ndiyo inayokinga kisiwa. Ikikatwa kwa ajili ya boriti na kuni, mawimbi yanafika ukutani. Watu wanajua, lakini mtu anayejenga nyumba ya fito bila mkoko anajenga kwa nini, na bati la kununua na tofali la kuvusha kwa boti vina bei gani? Hapo ndipo wenye miradi wangeanzia.

Mkitaka kwenda: basi Dar mpaka Masoko, ni kama kilomita 300. Kibali unachukua Masoko kabla ya kuvuka, halafu unapewa mwongozaji na boti. Chukueni mwongozaji mzaliwa wa Kisiwani kama yupo. Vaeni nguo za heshima, mnaingia kijijini kwa watu, na misikiti ile hata ikiwa haina paa ni misikiti.

Na sasa naomba msaada kwa wadau wa Pande, Songo Mnara, Kivinje na Masoko mnaosoma hapa. Kwenu Mrimba anasimuliwaje? Bibi anasema baada ya kuhamia bara alikaa na kuzeeka huko, lakini mahali hasa hapataji. Kama mzee wenu anapajua, muulizeni akiwa bado ana nguvu za kusema, halafu mje mtuandikie hapa chini.